JINSI YA KUMPENDEKEZA MTAALAMU APEWE TUZO

Wanafunzi wangu wa Bayolojia hapa Msalato wameniuliza zaidi ya mara moja: mtaalamu wa ubongo hupataje tuzo kubwa ya dunia? Je, huiomba? Nimeona yafaa nijibu katika gazeti letu, ili walimu na wazazi nao wasome.

Jibu ni hili: haombi, bali hupendekezwa na wengine. Tuzo ya Nobel ya Utabibu walipewa Camillo Golgi na Santiago Ramón y Cajal mwaka 1906, kwa kueleza muundo wa mfumo wa neva. Katika tuzo hiyo, mtu akijitaja mwenyewe hafikiriwi. Majina hutolewa na wale waliopewa haki hiyo, nayo hufichwa kwa miaka 50. Iko pia Tuzo ya Ubongo, iliyoanza mwaka 2011, itolewayo na Mfuko wa Lundbeck wa Denmark.

Basi mpendekezaji ni shahidi. Natutazame mfano wa nchini kwetu. Karibu na mwaka 1960, daktari wa kike kutoka Norwei, Louise Jilek-Aall, alifika Mahenge, wilaya ya Ulanga. Aliwakuta Wapogoro wengi wenye kifafa. Watu waliwatenga, wakidhani kwamba ugonjwa unaambukiza, na wengi wao walikuwa na makovu ya kuangukia motoni. Alianzisha kliniki, akawapa dawa. Aliona pia watoto ambao vichwa vyao viliinama na kuinuka mara kwa mara bila wao kutaka. Mwaka 1965 alichapisha habari za kifafa cha Wapogoro. Miaka mingi baadaye ugonjwa huo wa kutikisa kichwa ulionekana pia Sudan Kusini na kaskazini ya Uganda. Wataalamu wameona kwamba hufuatana na minyoo ya usubi, ienezwayo na inzi weusi wadogo wa mitoni; lakini namna unavyoanza ingali inachunguzwa.

Sasa tuseme tumeombwa kupendekeza kazi ya namna hii. Tuandike nini?

Kwanza, alichogundua. Tusiandike “ni mtu mwema”. Tuandike alichokiona ambacho wengine hawakukieleza kabla yake.

Pili, ushahidi: maandishi yake, mwaka, na jinsi wengine walivyohakikisha baadaye.

Tatu, faida: wagonjwa walipata nini?

Nne, walioshiriki. Hakuna daktari afanyaye kazi peke yake. Wako wauguzi, wakalimani na wazazi wanaobeba watoto wao safari ndefu. Tuzo moja ya Nobel haigawiwi zaidi ya watu 3, kwa hiyo wengi hubaki nje. Barua ya kweli huwataja.

Kamati iliyoko Ulaya haiioni Mahenge ila kwa macho ya mwandikaji. Kazi njema ikikosa wa kuiandika, hubaki milimani.

Nanyi wazazi, shikeni neno hili: kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa kugusana. Mtoto mwenye kifafa apelekwe hospitali, ameze dawa zake kila siku bila kukatiza, na aendelee na masomo pamoja na wenzake.

ZOEZI: Andika barua ya maneno 100 kumpendekeza muuguzi wa zahanati ya kwenu. Usitumie neno “hodari” hata mara moja.