Kamera ya Kioo na Kamera Isiyo na Kioo: Ipi Iifae Shule ya Msingi?

Picha iliyopigwa mahali wanapoishi watoto ni zana ya kufundishia ambayo haiuzwi dukani. Mwanafunzi wa Raskazone anayeonyeshwa kitabuni mto uliofurika katika nchi ya mbali huitazama picha ile kama hadithi. Lakini aonyeshwapo picha mbili za ufuo wake mwenyewe siku ya bamvua, moja maji yamekupwa hata miamba iko wazi, nyingine maji yamejaa na kupiga ukingo, huanza kuuliza maswali kabla mwalimu hajafungua kinywa. Ndiyo maana mwalimu mwanafunzi aendaye mazoezi ya kufundisha huenda akaulizwa na mwalimu mkuu, au na kamati ya shule: fedha za kununulia kamera moja zimepatikana kwa michango ya wazazi, je, inunuliwe ipi? Swali hilo si dogo. Fedha hizo hazitapatikana tena upesi, na chombo kitakachonunuliwa kitatumiwa na mikono mingi, karibu na bahari, kwa miaka mingi.

Kwanza mwalimu ajiulize kama kamera yahitajika. Kwa picha ya ubao, ya bustani ya shule au ya fundi akiziba mashua, simu ya mkononi yatosha, na asione haya kuitumia. Kamera inayobadilishwa lenzi huanza kudai nafasi yake pale kitu kilipo mbali, kama kulastara aliyesimama kwenye mikoko. Au pale nuru ilipo haba. Au pale wanafunzi wenyewe wanapotakiwa wajifunze jinsi picha inavyofanyika. Sababu hii ya mwisho ndiyo iliyo kubwa kwetu sisi walimu.

Madukani kamera hizi za ngazi ya kwanza zimegawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni DSLR, ambayo hapa nitaiita kamera ya kioo, kwa kuwa ndani yake mna kioo cha kuakisi. Fungu la pili ni la kamera zisizo na kioo hicho. Tofauti nyingine karibu zote zinatokana na hiyo moja, na njia iliyo bora ya kuifahamu ni kuitengeneza darasani.

Mwalimu achukue boksi la viatu na lenzi ya kukuzia. Kwanza apime lenzi yake: aishike mbele ya ukuta mweupe unaoelekeana na dirisha, aisogeze mpaka taswira ya mti wa nje ionekane wazi ukutani, kisha apime umbali uliopo baina ya lenzi na ukuta. Lenzi aitie katika mrija wa karatasi ngumu ili iweze kusogezwa mbele na nyuma, na mrija aupachike ubavuni mwa boksi. Ndani, mbele ya lenzi, asimamishe kioo kidogo cha kujitazamia kilichoinama nyuzi 45. Juu ya kioo akate dirisha na kulibandika karatasi iliyopakwa mafuta. Boksi likielekezwa kwenye mnazi uliopigwa na jua, na kichwa cha mtazamaji kikifunikwa kwa kanga, mnazi utaonekana juu ya karatasi ile: umesimama sawasawa, ila kushoto kwake kumekuwa kulia. Sasa kioo kiondolewe. Nuru itakwenda moja kwa moja hadi nyuma ya boksi, na ikipokewa pale kwa karatasi nyingine ya mafuta, mnazi utaonekana umepinduka, kichwa chini. Wanafunzi waulizwe: karatasi ya nyuma iwekwe umbali gani ili nayo ionyeshe taswira iliyo wazi? Jibu watalipata kwa kujaribu. Umbali wa kutoka kioo hadi karatasi ya juu hauna budi kuwa sawa na ule wa kutoka mahali pa kioo hadi karatasi ya nyuma.

Hiyo ndiyo kamera ya kioo. Karatasi ya juu ni kile kinachoonekana katika tundu la kuchungulia, na karatasi ya nyuma ni sensa, yaani bamba linaloipokea nuru na kuigeuza kuwa picha. Juu ya kioo huwekwa mche wa kioo, au katika kamera za bei ndogo vioo vilivyopangwa, ili kushoto kurudi kushoto. Kidole kibonyezapo, kioo huinuka, pazia hufunguka, nuru hufika nyuma, kisha kioo hurudi. Mlio ule wa “klak” ndio huo.

Kamera isiyo na kioo ni boksi letu baada ya kuondolewa kioo. Nuru huipiga sensa wakati wote, na sensa hupeleka taswira kwenye skrini ya nyuma au kwenye skrini ndogo sana iliyomo tunduni. Nafasi ya kioo ikiisha kuondoka, kamera huwa nyembamba zaidi. Katika kamera za kioo za Canon, toka pete ya lenzi hadi sensa ni milimeta 44. Katika zile za lenzi za RF, zisizo na kioo, ni milimeta 20.

Sasa tulinganishe kwa mifano. Canon EOS 2000D ni kamera ya kioo iliyotolewa mwaka 2018. Canon EOS R100 haina kioo, nayo ilitolewa mwaka 2023. Ya kwanza ina uzito wa gramu 475 hivi bila lenzi, ya pili 356. Lakini sensa zake zinalingana kwa ukubwa, na kila moja hutoa picha ya nukta milioni 24.1. Kwa hiyo picha mbili za magofu ya Tongoni zilizopigwa kwa uangalifu na kamera hizi, zikachapishwa na kutundikwa ukutani, hapana mwanafunzi, wala mkaguzi, atakayetambua ipi ni ya ipi. Mwuzaji akisema kwamba ile mpya lazima itoe picha zilizo bora, mwalimu asikilize kwa adabu na kuendelea na hesabu zake.

Tofauti imo katika kutazama. Ufuoni saa sita mchana, mchanga mweupe na tanga la ngalawa huidanganya kamera: hudhani nuru imezidi, ikaipunguza, na picha ikawa na giza. Mwenye kamera isiyo na kioo huliona kosa hilo tunduni kabla hajabonyeza, akalirekebisha. Mwenye kamera ya kioo huona ufuo kama jicho lake lilivyouzoea, na kosa atalikuta baadaye kwenye skrini. Kwa mpigapicha mwenye haraka, hilo ni pungufu. Kwa mwanafunzi mimi naona ni faida, kwa kuwa humlazimu akadirie kwanza, apige, kisha alinganishe makadirio yake na matokeo. Na hiyo ndiyo njia tunayoifundisha katika sayansi yote.

Umeme nao una neno. Tundu la vioo halitumii betri, skrini hutumia daima. Kwa kipimo cha watengenezaji, betri moja ya 2000D hutosha picha 500 hivi, na ile ya Nikon D3500, nayo ya mwaka 2018, hufika 1,550. Kamera nyingi za ngazi ya kwanza zisizo na kioo, zikitumiwa kwa kuchungulia tunduni, hukadiriwa picha 300 na ushei. Darasa la watoto arobaini likizuru mapango ya Amboni, kila mmoja akichungulia kwa zamu yake, betri ya namna hii huisha kabla ya zamu. Anayeichagua na anunue betri ya pili siku hiyo hiyo.

Darasani mambo hugeuka. Kioo hupiga kelele, na watoto huacha kusoma wakaigeukia kamera. Nyingi zisizo na kioo zaweza kupiga kimya. Pia huutafuta uso wa mtu na kuulenga zenyewe, na katika picha za video hazina mshindani, kwani 2000D ikirekodi hulenga polepole mno. Chuo kinachotaka kurekodi masomo ya wanachuo ili yajadiliwe baadaye kisihangaike na kamera ya kioo.

Kuhusu lenzi, kamera ya kioo ina urithi mkubwa. Lenzi za Canon za aina ya EF zimetengenezwa tangu mwaka 1987, na zote huingia katika 2000D, hata zilizotumika na kuuzwa kwa bei nafuu. Kwa Nikon yafaa kuwa na hadhari: D3500 haina mota ya kulengea, hivyo lenzi za zamani zisizo na mota yake huilazimu kulengwa kwa mkono. Lenzi ya kamera ya kioo yaweza kuvaliwa na kamera isiyo na kioo kwa kutumia adapta. Kinyume chake hakiwezekani, na boksi letu limekwisha kutuonyesha sababu. Hata hivyo, lenzi mpya sasa hutengenezewa kamera zisizo na kioo, na D3500 yenyewe imekwisha kuacha kutengenezwa. (Silikanti asitamaniwe kwa lenzi yoyote. Samaki huyo, ambaye hifadhi ya bahari ya Tanga ilitangazwa kwa jina lake mwaka 2009, hukaa kina cha zaidi ya meta 100.)

Adui wa kamera zote mbili pwani ni chumvi na unyevu. Kuvu huota ndani ya lenzi iliyofungiwa kabatini, ikatanda kama utando wa buibui. Kamera ikae katika chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana, pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, na itolewe kila juma. Lenzi isibadilishwe ufuoni, hasa kwa kamera isiyo na kioo, maana sensa yake mara nyingi hubaki wazi lenzi inapotoka, na chembe ya mchanga ikigusa pale huleta hasara.

Basi, kwa shule ya msingi ya Raskazone inayotaka klabu ya wanafunzi, ziara za nje na masomo ya nuru, ningechagua kamera ya kioo iliyotumika, na fedha zinazobaki ninunulie lenzi ndefu na stendi ya miguu mitatu. Bila stendi zile picha mbili za maji kupwa na kujaa hazitalingana. Kwa shule ambayo mwalimu mmoja peke yake ndiye atakayepiga, na zaidi darasani, ningechagua isiyo na kioo, mpya, yenye dhamana.

Anayenunua iliyotumika asilipe kabla ya kuikagua mchana. Aitoe lenzi, aielekeze kwenye mwanga na kutazama kama mna nyuzi za kuvu. Aipige karatasi nyeupe kwa tundu la lenzi lililobanwa hadi f/22, aikuze picha skrinini: madoa yasiyohama toka picha hadi picha yapo juu ya sensa. Apige picha ishirini mfululizo na kusikiliza kama mlio wa kioo ni mmoja. Mwisho adai chaja yake, aichomeke ukutani pale pale dukani, na angoje aone taa ya betri ikiwaka.