Jua la Karafuu Si Jua la Televisheni

Ndugu wanachama,

Kila msimu wa karafuu ukimalizika, wengi wetu hununua chombo cha nyumbani, na siku hizi aghlabu ni televisheni. Si jambo geni, kwani Zanzibar ilianza televisheni ya rangi tangu mwaka 1973. Lakini iko khasara inayoweza kuepukwa. Chombo kilichonunuliwa kwa jasho la mavuno hutundikwa mkabala wa mlango, jua la alasiri likakipiga usoni kila siku. Na mkarafuu, kama tujuavyo sote, hauzai vyema kila mwaka hata tuseme tutanunua nyingine mwakani.

Jua hudhuru vipi? Televisheni nyingi za kioo chembamba zina majimaji maalumu baina ya vioo viwili, nayo ndiyo yanayopitisha au kuzuia mwanga. Yakipata joto la kupita kiasi, mpango wake huvunjika, na kioo huonyesha mabaka meusi. Pengine mabaka hayo huondoka kioo kikipoa. Lakini tando nyembamba zilizobandikwa juu ya vioo zikishageuka manjano, hazirudi tena. Kadhalika kapasita zilizomo ndani huzeeka upesi. Kwa hesabu ya mafundi, joto likizidi kwa digrii 10 za Selsiasi, umri wake hupungua kadiri ya nusu.

Basi yafaa tufanye hivi:

Kwanza, kabla ya kutoboa kiambaza, tutazame siku nzima miale inafika wapi, asubuhi na alasiri. Tukumbuke kuwa wakati wa kusi jua husogea upande wa kaskazini, na wakati wa kaskazi hurudi kusini. Pahala penye kivuli mwezi wa Disemba paweza kupigwa na jua mwezi wa Juni.

Pili, ikiwa hapana pahala pengine, tutie pazia zito dirishani. Kioo cha dirisha peke yake hupitisha joto la jua.

Tatu, tuache nafasi ya kiasi cha inchi 4 kila upande, hewa ipite. Kitambaa cha kudarizi ni pambo zuri, lakini kisifunike televisheni iliyowashwa.

Nne, tusipanguse kioo chenye joto kwa kitambaa cha maji. Tuzime, kipoe, kisha tupanguse kwa kitambaa laini kikavu.

Karafuu zetu twazianika juani kwa kusudi, na wingu likitanda twakimbilia kuzianua. Televisheni nayo yataka mwangalizi kama huyo, ila yeye hukimbia jua badala ya mvua.

Wabillahi taufiq.

Katibu