Simu Iliyojaa na Simu Inayofanya Kazi: Somo kwa Wakazi wa Tononoka

Simu nyingi zinazopelekwa kwa fundi kwa sababu "zimekuwa nzito" hazina ubovu wowote. Zimejaa. Mwenye simu yumo katika makundi kumi na tano ya WhatsApp: la harusi iliyokwisha mwaka jana, la chama, la darasa la mtoto, la wapangaji wa nyumba. Kila kundi huleta picha na video za kuamkiana, nazo huingia simuni bila kuombwa, zikila bando na nafasi. Mwisho mtu huanza kutafuta pesa za simu mpya, na ile ya zamani bado ni nzima.

Dawa yake ni ya dakika tano. Ndani ya WhatsApp, katika mipangilio, mna sehemu ya hifadhi na data. Hapo mwenye simu azime upakuaji wa moja kwa moja wa picha, sauti, video na hati. Kuanzia hapo, video haitaingia mpaka aiguse mwenyewe. Sehemu hiyo hiyo huonyesha ni kundi gani limechukua nafasi kubwa, na huyaweka mafaili mazito pamoja ili yafutwe kwa mara moja. Kabla ya kufuta, ahakikishe picha za kitambulisho, risiti na stakabadhi za nyumba zimehifadhiwa mahali pengine. Wengi hufuta kwa hasira, kisha wakaitafuta risiti ya kodi wasiione.

Bando lenyewe limeshuka bei ukilinganisha na zamani. Kabla ya 2009 Kenya ilitegemea setilaiti kwa intaneti. Mwaka huo waya wa baharini wa TEAMS ukafika hapa Mombasa kutoka Fujairah, na SEACOM ukafuata miezi hiyo hiyo. Hata hivyo, kwa anayenunua bando la siku moja moja, kila video isiyo na maana ni pesa iliyotoka mfukoni.

Simu ikishapata nafasi, ndipo inapoweza kufanya kazi. Chukua mama anayepika mahamri na viazi vya karai kwa oda. WhatsApp Business, ambayo ni ya bure na ilitoka 2018, humwezesha kuweka picha za bidhaa na bei zake, hivyo mteja hana haja ya kuuliza "ni pesa ngapi?" kila siku. Anaweza pia kuandaa jibu la salamu kwa wanaoandika usiku akiwa amelala, na kumtia alama mteja ambaye bado hajalipa.

Tatizo kubwa la biashara ndogo, lakini, si wateja. Ni pesa ya unga kuchanganyika na pesa ya nyumbani. Jioni M-Pesa inaonyesha salio zuri, na asubuhi hakuna anayejua ni faida au ni mtaji. Pochi la Biashara hutenga pesa za kazi na za mtu binafsi katika laini ile ile. Kwa upande wa hesabu, jedwali la Google Sheets lenye safu nne linatosha: tarehe, iliyoingia, iliyotoka, deni. Likijazwa kila jioni kwa mwezi mmoja, litamwambia mama huyo kama mahamri yanamlipa au yeye ndiye anayeyalipa.

Wasiopenda kuandika wana njia. Kibodi ya Google inapokea Kiswahili kwa sauti tangu 2017: mtu hugusa alama ya kipaza sauti, akasema, maneno yakajiandika. Kimvita cha ndani huenda kikaikanganya hapa na pale, basi ni vyema kusoma kabla ya kutuma.

Kompyuta ya saiba inasaidia kwa kazi ndefu, kama barua ya kuomba kazi au fomu za eCitizen. Hapo pana hatari ambayo watu huipuuza. Mtu huingia kwenye barua pepe yake, huchapisha cheti, hulipa na kuondoka, huku akaunti ikibaki wazi kwa anayekalia kiti baada yake. Kufunga dirisha si kutoka kwenye akaunti. Lazima abonyeze mahali pa kutoka. Aliyefungua WhatsApp kwenye kompyuta hiyo na akasahau, aangalie simu yake chini ya vifaa vilivyounganishwa, akiondoe kile asichokitambua. Nakala ya kitambulisho iliyotumwa kwa mhudumu ili ichapishwe ifutwe mbele ya mwenyewe. Kuomba hivyo si utovu wa adabu: Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa haki hiyo.

Linalobaki ni siku simu inaponyakuliwa. Mwizi asiyeweza kufungua skrini huitoa laini na kuitia katika simu nyingine, kisha huomba namba za kufungulia akaunti za mwenyewe. Ndiyo maana laini nayo inahitaji PIN yake, mbali na ile ya skrini. Iwekwe kwa utulivu, kwani ikikosewa mara tatu laini hujifunga mpaka ipatikane namba ya PUK. Kubonyeza *#06# huonyesha namba ya IMEI ya simu; iandikwe kwenye karatasi na kuwekwa nyumbani, maana polisi wataiulizia. WhatsApp nayo iwekewe uthibitishaji wa hatua mbili, asije mtu akaomba pesa kwa jamaa zake kwa jina lake.

Wapo pia wasiohitaji kuiba simu. Ujumbe unaingia kwamba pesa zimetumwa kimakosa, kisha mtu anapiga akilia zirudishwe. Ujumbe wa kweli wa M-Pesa hutoka kwa jina MPESA, hautoki kwa namba ya mtu. Mwenye simu aangalie salio lake mwenyewe kabla ya kurudisha hata shilingi, na ujumbe wa ulaghai autume kwa 333 ikiwa laini ni ya Safaricom. Aliyetuma pesa mahali pasipo autume ujumbe wa M-Pesa kwa 456 mara moja, kabla mpokeaji hajazitoa.