Umeme, Mwanga na Sumaku Kinzani: Somo la Istilahi

Mwaka 1845, Michael Faraday alidhihirisha kuwa sumaku huweza kuzungusha mwelekeo wa mtetemo wa mwanga unaopita katika kioo. Mwaka 1877, John Kerr alieleza athari kama hiyo katika mwanga unaoakisiwa na sumaku. Athari ya Kerr ndiyo iliyotumiwa kuchunguza kromiamu triayodidi, fuwele ya matabaka membamba. Mwaka 2017 ilibainika kuwa tabaka lake moja huwa sumaku chini ya nyuzi -228 za selsiasi. Matabaka mawili yakipandana, mielekeo yao hupingana na kubatilishana, hivyo mtetemo wa mwanga hauzunguki. Mwaka 2018, watafiti waliyatia matabaka hayo katika uga wa umeme. Usawa ukavunjika, mtetemo ukazunguka.

Je, hali hii iitweje? "Antiferosumaku" ni ukopaji usiojieleza. "Sumaku butu" hupotosha, kwani kila tabaka lingali na nguvu zake. "Sumaku kinzani" hudokeza ukinzani wenyewe, na humwezesha mwanafunzi kukisia kwa nini umeme, unapoyatofautisha matabaka, hudhihirisha kilichofichika. Kwa hivyo, istilahi faafu humpunguzia mwalimu kazi ya kufafanua.