Jaketi la mtoto kwenye boti ya Mfangano

*Husafiri na binti yangu wa miaka 3 kutoka Mbita hadi Sena, kisiwani Mfangano. Botini hupewa jaketi la kuokoa maisha la watu wazima. Baba yake asema heri kubwa kuliko kukosa. Ni kweli? – Mama mwenye wasiwasi*

Una haki ya kuhofu, mama. Majini jaketi kubwa hupanda na kumwacha mtoto chini, au humchomoka kabisa. Kinachoangaliwa ni uzani, si umri: soma kilo zilizoandikwa ndani ya jaketi, ulinganishe na kadi yake ya kliniki.

Mvalishe, funga vifungo vyote, kisha shika jaketi mabegani uliinue. Likimfika masikioni, halimfai. Tafuta lenye kola ya kuegemeza kichwa na mkanda wa kupita katikati ya miguu. Huo ndio wengi huuacha ukining'inia. (Usiende kulijaribu ziwani, kuna kichocho.) Wala usimfunge mgongoni kwa leso: ukielea wewe chali, yeye yuko chini ya maji.

Mwambie nahodha kabla hamjaondoka. Akikosa dogo, waone viongozi wa kitengo cha usimamizi wa ufuo (BMU), au subirini boti nyingine. Kwa safari za kila mara, nunueni lenu.