Fundi wa Mitambo Naye Huokoa Maisha

Mgonjwa akipona humshukuru Mungu, daktari na muuguzi. Ni nadra kumkumbuka fundi wa mitambo ya hospitali, ilhali bila yeye sisi madaktari tungebaki mikono mitupu. Wiki hii tutazame kazi yake.

Stima
Usiku wa Agosti 25, 2023, stima ilipotea karibu kote nchini Kenya. Usiku kama huo hospitali hutegemea jenereta. Lakini jenereta isiyojaribiwa mara kwa mara huweza kukataa kuwaka siku ya shida, aghalabu kwa sababu betri imekufa. Fundi mwangalifu huiwasha kila wiki, huikagua dizeli na oili, kisha huandika aliyoyaona katika daftari.

Oksijeni
Mtoto mwenye nimonia kali huhitaji oksijeni bila kukatizwa. Kliniki nyingi hutumia mashine inayovuta hewa ya chumbani, ambayo ina oksijeni asilimia 21 hivi, ikaondoa naitrojeni na kutoa oksijeni ya asilimia 90 hivi. Katika mitaa yenye vumbi kama Kibera na Kawangware, chujio la mashine hii huziba upesi. Hatari ni kwamba mashine huendelea kunguruma kama kawaida huku oksijeni ikipungua. Sikio halitambui, fundi hutambua kwa kipimo. Chujio la nje lioshwe kwa maji na sabuni angalau mara moja kwa wiki, na likauke kabisa kabla ya kurudishwa.

Vyombo vya uzazi
Makasi ya kukatia kitovu husafishwa kwa mvuke wenye shinikizo, katika joto la nyuzi 121 za Selsiasi kwa dakika 20, au dakika 30 vyombo vikiwa vimefungwa kwa kitambaa. Mpira wa mfuniko ukichakaa, mvuke hutoroka na joto halifiki kiwango hicho. Viini vya pepopunda vitasalia, na mtoto mchanga ndiye atakayeumia. Mpira huo ni kitu kidogo, lakini usipobadilishwa mapema gharama yake ni uhai.

Ushauri
Wewe mwenye kliniki, usingoje mashine izimike ndipo umwite fundi. Panga siku za ukaguzi, tenga fedha za vipuri, na umwite aliyesomea kazi hii, si yeyote ajuaye kuunga nyaya.

Nanyi vijana mpendao ufundi, Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya, KMTC, hufunza uhandisi wa vifaa vya matibabu. Bewa lake la Nairobi liko jirani na Hospitali Kuu ya Kenyatta, si mbali na Kibera.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hospitalini, ufa huo hugharimu maisha ya mtu.