Sikio Moja Linapovuma: Fahamu Sababu na Vipimo

Mtu anapopata mvumo katika sikio moja pekee, huku usikivu wa sikio hilo ukififia, mara nyingi hudhani kuwa ameingiwa na maji au mdudu, akatia mafuta na kusubiri. Makala haya yanaeleza kwa nini hali ya upande mmoja haifai kusubiriwa.

Uzee, pamoja na kelele za miaka mingi kama zile za mashine za kukoboa nafaka, kwa kawaida hupunguza usikivu wa masikio yote mawili kwa viwango vinavyokaribiana. Sikio moja likidhoofika peke yake, mtaalamu hutafuta chanzo kilichoko upande huo.

Sababu

Katika sikio la nje, chanzo huwa ni nta iliyoziba njia au kitu kilichoingia. Katika sikio la kati, nyuma ya ngoma ya sikio, huweza kuwa usaha, majimaji yaliyobaki baada ya mafua, au ngoma iliyotoboka. Katika sikio la ndani na mshipa wake wa fahamu, usikivu huweza kupotea ghafla, mara nyingi bila chanzo kubainika. Upo pia ugonjwa wa Meniere, unaoleta vipindi vya kizunguzungu na hisia ya sikio kujaa. Kwa nadra, uvimbe usio wa saratani huota kwenye mshipa wa fahamu wa mizani ya mwili na kuubana ule wa usikivu.

Vipimo

Kwanza, mtaalamu huchungulia sikio kwa kifaa chenye taa. Nta ikionekana huondolewa, kisha usikivu hupimwa upya, kwa kuwa nta huweza kuonekana na tatizo likawa kwingine.

Pili, chuma chenye umbo la uma hugongwa kitoe mlio, kikawekwa katikati ya paji la uso. Mlio ukisikika zaidi katika sikio bovu, huashiria kizuizi katika sikio la nje au la kati. Ukisikika zaidi katika sikio zima, hitilafu hushukiwa kuwa katika sikio la ndani au mshipa wake wa fahamu.

Tatu, mgonjwa huvaa vipokea sauti mahali tulivu na kuashiria kila asikiapo mlio. Matokeo ya kila sikio huchorwa kwenye grafu. Tofauti ikiwa kubwa bila sababu ya wazi, daktari huweza kuagiza picha ya MRI, inayopatikana katika hospitali kubwa kama Muhimbili.

Muda ni tiba

Usikivu ukipotea ghafla, au ndani ya siku 3, hiyo ni dharura, hata kama hakuna maumivu. Dawa za steroidi hufaa zaidi zikianzwa mapema, hasa ndani ya wiki 2 za mwanzo. Anayesubiri mwezi mzima huweza kupoteza nafasi hiyo.

Fika zahanati au kituo cha afya siku hiyo hiyo. Eleza tatizo lilianza lini, kama kuna kizunguzungu, na dawa ulizotumia. Kisha uliza kuhusu rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Uso ukipooza upande mmoja, nenda hospitali mara moja. Usitie mafuta, unyoya wala kijiti sikioni: ngoma ikiwa imetoboka, utaongeza madhara.